KILO NGAPI KWELI? Pima vyuma vya mazoezi kabla ya kuviinua

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani pamoja na watoto. Jioni, katika parseli nyingi za Rwambuzi hapa Bunia, utaona vijana wakiinua vyuma. Wengine ni wafanyakazi waliorudi kutoka kazini, wengine ni watoto wetu wa shule. Vyuma vyenyewe havikununuliwa dukani. Ni tiyo ya maji yenye mikebe miwili iliyojazwa beto, au ni matamburi mawili ya breki za lori yaliyopitishwa chuma katikati. Hakuna ubaya katika hilo. Mazoezi ni afya, na fedha za kununua vyuma vya kiwandani wengi hatuna.

Lakini hebu muulize kijana: «Hiki kina kilo ngapi?» Atakujibu bila kusita: «Arobaini.» Muulize tena: «Nani alikipima?» Hapo atanyamaza, au atakuonyesha namba iliyoandikwa kwa chaki.

Namba hiyo ya chaki ndiyo tunayoizungumzia leo. Mtu anayefanya mazoezi kwa busara huongeza uzito kidogo kidogo, kilo 2 au 5 kwa mara moja, kisha hungoja mwili uzoee. Kama hajui uzito alioanza nao, hajui anaongeza nini. Anadhani ametoka kilo 40 kwenda 45, kumbe ametoka 30 kwenda 52. Mgongo wake unahesabu kilo za kweli, haumsikilizi aliyeandika kwa chaki. Na mgongo huohuo kesho asubuhi anauleta kazini.

LITA SI KILO

Kosa kubwa kuliko yote ni hili. Mtu anachukua ndoo iliyoandikwa 20, anaijaza beto, kisha anasema: «Hii ni kilo 20.» Sivyo. Ile 20 ni lita. Lita moja ya maji ina kilo 1, na kwa hiyo ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Lakini beto si maji. Lita moja ya beto nzuri, yenye simenti, mchanga na changarawe, ina kilo 2.3 au 2.4. Ndoo ile ya lita 20 ikijaa beto ina kilo 46 hivi. Ziwe mbili, moja kila upande, ni kilo 92, na bado hujahesabu chuma cha katikati. Kijana anayedhani ameinama kuinua kilo 40 ameinamia karibu mifuko miwili ya simenti ya Uganda, ile ya kilo 50 mmoja. Mfuko mmoja tu unajua mwenyewe jinsi unavyouchukua: unaita mwenzako, au unaomba akutwike begani.

Mkebe wa unga wa maziwa nao unadanganya. Umeandikwa kilo 2.5, ni kweli, lakini hizo ni kilo za unga, na unga wa maziwa ni mwepesi kwa sababu una hewa nyingi ndani yake. Mkebe huohuo ukijaa beto unafika kilo 10, au zaidi.

Basi fanya hivi kabla ya kumimina beto. Chukua mkebe mtupu uujaze maji kwa chupa unayoijua kipimo chake. Chupa kubwa ya Primus ina sentilita 72, imeandikwa kwenye karatasi yake. Ijaze mpaka pale bia ilipokuwa, usiijaze mpaka mdomoni. Hesabu chupa. Mkebe ukipokea chupa 7, ni lita 5 hivi. Zidisha kwa 2.3: kilo 11.5. Hapo umepata uzito kwa kukadiria, na si kwa kubahatisha.

Nasema kukadiria kwa sababu beto hazifanani. Ukiweka mchanga na simenti tu bila changarawe, lita moja inashuka mpaka kilo 2.1 au chini kidogo. Ukishindilia vibaya, matundu ya hewa yanabaki ndani. Mawe nayo yana tofauti. Kule Goma wanajengea mawe ya volkano yenye matundu kama mkate, na beto yake ni nyepesi. Huku kwetu katika nchi ya Kilo-Moto kuna miamba yenye chuma ndani, na changarawe yake inalemea kuliko ya kawaida. Kisha beto inapokauka maji mengine yanatoka, na kilo zinapungua kidogo. Ndiyo maana mikebe miwili iliyomiminwa siku mbili tofauti, na watu wawili tofauti, haiwi sawa hata kama mikebe yenyewe ni pacha. Mmoja una kilo 11.5, mwingine 10.3. Kilo moja na kitu unaona ni ndogo? Iweke mwisho wa tiyo ya mita moja na nusu, uinue juu ya kichwa, ndipo utajua ni nani anayekuvuta upande. Mimina mikebe yote miwili siku moja, kutoka rundo moja la beto.

CHUMA CHA KATIKATI

Hapa kuna hadithi iliyoenea kwamba «chuma cha katikati ni kilo 20». Imetoka katika mashindano ya Olimpiki. Ni kweli kwamba chuma cha wanaume katika mashindano hayo kina kilo 20, urefu wa mita 2.2, na cha wanawake kilo 15. Lakini chuma hicho kina unene wa milimita 28 pale pa kushika tu; kwenye ncha zake, mahali pa kuvalisha uzito, kina unene wa milimita 50. Kilo nyingi zimekaa huko mwishoni. Ukikata chuma cha kawaida cha duara cha milimita 28, kirefu vilevile mita 2.2, unapata kilo 10.6 tu.

Kwa chuma kisicho na tundu, hesabu ni rahisi, na mafundi wa ujenzi wanaijua. Pima unene kwa milimita. Zidisha unene kwa unene wenyewe, kisha gawanya kwa 162. Jibu ni kilo za kila mita moja. Ferabeto ya 25: 25 mara 25 ni 625, gawanya kwa 162, unapata kilo 3.86 kwa mita. Ferabeto ya 32 inafika kilo 6.3 kwa mita.

Tiyo ina tundu, kwa hiyo ni nyepesi zaidi. Tiyo ya maji ya inchi moja, ambayo ukuta wake una milimita 3.2, ina kilo 2.4 kwa mita. Ile ya inchi moja na nusu ina kilo 3.5 hivi. Kwa hiyo tiyo ya mita 1.5 ya aina hii ya pili ina kilo 5 na kidogo. Mikebe miwili ya lita 5 ni kilo 23. Jumla ni kilo 28. Ndiyo chuma kile kilichoandikwa 40.

Baba mmoja anaweza kusema: «Basi mtoto wangu anajidanganya kuwa ana nguvu, kuna hatari gani?» Hatari inakuja siku anapokwenda kwa rafiki yake penye vyuma vya kiwandani. Anasema, mimi nainua 40, niwekee 45. Hizo ni 45 za kweli.

Na ukisikia majirani wakijisifu, kumbuka namba moja: mwaka 2021, kule Tashkent, Lasha Talakhadze wa Georgia aliinua kilo 267 mpaka juu ya kichwa, mtu mwenyewe akiwa na mwili wa kilo zaidi ya 170. Kijana wa avenyu yako akikuambia ameinua 280 asubuhi kabla ya chai, mpelekee mizani.

MIZANI YA BIDO

Utasema mizani huna. Unayo. Tafuta tiyo imara au mti ulionyooka, urefu wa mita 3. Ufunge kamba katikati kabisa, uutundike kwenye tawi nene la mparachichi au kwenye boriti isiyotikisika. Bila kitu, mti ubaki sawa kama meza. Ukiinama upande mmoja, sogeza kamba ya katikati mpaka usimame sawa. Sasa pima mita moja kila upande kutoka katikati, utie alama.

Upande mmoja tundika mkebe wako wa beto. Upande wa pili tundika bido la njano likiwa tupu. Lakini bido lenyewe lina uzito wake, basi tundika bido jingine tupu la namna ileile pamoja na mkebe. Mawili yanajibizana na huna haja ya kuyahesabu. Kisha mimina maji kwa chupa, polepole, mpaka mti urudi sawa. Chupa 14 za sentilita 72 ni lita 10 na kidogo, ni kilo 10. Watoto wa darasa la sita wanaipenda sana kazi hii, waachie wahesabu chupa.

Ukitaka kupima chuma kizima cha kilo nyingi, usitafute pipa. Kisogeze karibu na katikati, sentimita 50, na bido la maji liache mbali, sentimita 150. Bido liko mbali mara tatu, kwa hiyo kila kilo ya maji inashikilia kilo tatu. Lita 20 zikikisawazisha, chuma kina kilo 60. Hapa kamba iwe ngumu, na mtu asisimame wala kuweka mguu chini ya kitu kilichotundikwa. Sheria hiyo unaijua kutoka kazini. Nyumbani haina likizo.

Ukitaka kujua kama mizani yako inasema kweli, badilisha pande. Kilichokuwa kulia kiende kushoto. Ukipata hesabu ileile, mizani ni nzuri. Ukipata kilo 10 mara ya kwanza na 11 mara ya pili, uzito uko katikati, 10.5, na mti wako haukugawanyika sawa. Wachimbaji wanaouza mchanga wa dhahabu kwa tola, ile ya gramu 11.66, waisome sentensi hii mara mbili. Mizani ya vikombe viwili inayokataa kubadilishiwa pande ina siri.

Wengine wana mizani ya kukanyaga, ile ya kujipimia mwili. Nayo inafaa, ila mara nyingi haipimi zaidi ya kilo 120 au 150, na chuma kirefu hakikai juu yake. Weka mkebe wa upande mmoja juu ya mizani, na chini ya mkebe wa pili weka vibao vyenye kimo sawa na cha mizani, ili chuma kilale sawa. Soma. Kisha hamisha mizani upande wa pili, usome tena. Ukipata 31 na 34, jumla ni kilo 65, na umejua papo hapo kwamba upande mmoja unazidi kwa kilo 3. Mimi naiona njia hii kuwa bora kuliko zote kwa mtu aliye peke yake.

Mizani ya kupimia watoto kwenye kituo cha afya, ile ya kutundika, mwisho wake ni kilo 25. Tafadhali msiende kumwomba muuguzi awapimie mikebe ya beto. Springi ikivutika, watoto wa mtaa mzima watapimwa vibaya.

CHUMA KISICHO NA UMBO

Matamburi, magurudumu ya meno na mabaki mengine ya mashine huwezi kuyapima kwa rula. Masimulizi ya kale yanasema kwamba mfalme Hiero wa Sirakusa alimwomba Arkimede achunguze kama taji lake ni dhahabu tupu au limechanganywa na fedha. Arkimede alipoingia katika beseni la kuogea akaona maji yanamwagika, akapata jibu. Lita moja ya dhahabu ina kilo 19.3, ya fedha 10.5, kwa hiyo taji lililochanganywa linamwaga maji mengi kuliko dhahabu tupu ya uzito uleule.

Sisi tunafanya kinyume chake. Weka ndoo ndani ya beseni kubwa, ijaze maji mpaka ukingoni. Zamisha chuma polepole kwa kamba. Maji yaliyomwagika katika beseni yapime kwa chupa. Kama ni chupa tatu na nusu, ni lita 2.5. Chuma cha kumiminwa, kama matamburi mengi ya breki, kina kilo 7.2 kwa lita: utapata kilo 18. Chuma cha pua kina 7.85. Tamburi lililolika kwa ndani ni jepesi kuliko pacha wake, kwa hiyo usidhani mawili ya lori moja yako sawa. Yazamishe yote mawili.

Kuna mipira ya chuma inayosaga mawe ndani ya vinu. Mmoja wa kipenyo cha sentimita 10 ukiwa mpya una kilo 4.1, na najua unatamanisha. Ni mali ya kampuni, na mlinzi wa mlango anaujua kwa sauti yake ndani ya mfuko.

VISIVYOFAA KABISA

Pipa au ndoo iliyokuwa na sianidi isiingie nyumbani, wala kwa beto, wala kwa maji, wala kwa kitu chochote. Kuiosha hakutoshi. Vilevile vyombo vya asidi.

Risasi ya betri za magari. Kuna wanaoiyeyusha kwenye sufuria ili kumwaga uzito mdogo mdogo, kwa sababu lita moja ina kilo 11.3 na inayeyuka kwa moto wa makaa tu. Mama, ukiona hivyo katika parseli yako, zuia siku hiyohiyo. Moshi na vumbi vya risasi hukaa katika udongo, mtoto mdogo anagusa, anatia kidole mdomoni, na sumu inaingia polepole bila homa wala kutapika. Inaharibu damu na ubongo, na ubongo ulioharibika haurudi. Zebaki ya kukamatia dhahabu ni vilevile: isihifadhiwe nyumbani hata ikiwa katika chupa iliyofungwa.

Na chuma usichokijua kilitoka wapi. Vita vya Ituri vya 1999 mpaka 2003, na mapigano yaliyofuata, vimeacha vitu ardhini. Ganda la kombora ni zito, ni la duara, linapendeza kwa kazi hii. Usiliguse, usilisogeze, usilipige nyundo «kulijaribu». Weka alama kwa mbali, watoto wasikaribie, ukaite wakubwa wa mtaa na askari.

SHINGO CHINI YA CHUMA

Mtu anayelala chali na kusukuma chuma kwenda juu yuko katika hatari ambayo aliyesimama hana. Aliyesimama akishindwa anaachia chini na kuruka nyuma. Aliyelala chuma kinamrudia kifuani au shingoni. Vyuma vya mazoezi vya kiwandani vinavaliwa na sahani zinazoweza kuteleza zikadondoka upande mmoja, beto haitelezi. Na tena: sahani ya mashindano ina upana wa sentimita 45, kwa hiyo hata ikigusa sakafu, chuma kinabaki sentimita 22 juu. Mkebe wa rangi wenye upana wa sentimita 18 unaacha sentimita 9 kutoka sakafu mpaka chuma. Pima shingo yako kwa rula, kutoka mbele mpaka nyuma. Haipiti.

Kwa hiyo mtu asisukume akiwa amelala bila wenzake wawili, mmoja kila mkebe, wanaotazama chuma na si simu. Ukikosa watu, fanya ukiwa umesimama.

Tiyo iliyounganishwa katikati kwa skrubu haifai, inakatika pale penye meno. Ferabeto nyembamba inapinda, na ikishapinda mara moja itapinda tena palepale. Beto ikianza kupasuka kuzunguka chuma, mkebe ukazunguka peke yake, uvunje umimine upya. Kabla ya kumimina, chomelea misumari minene au vipande vya ferabeto kwenye chuma ili beto ipate mahali pa kushika. Ukimaliza mazoezi, laza vyuma chini na kuweka jiwe kila upande. Visisimamishwe ukutani, maana mtoto wa miaka mitatu atavivuta.

Mwezi mmoja baada ya kumimina, pima tena, kisha andika uzito wa kweli kwa rangi ya mafuta juu ya kila mkebe.

NA HUKO CHINI MGODINI

Hesabu hii hii inakufaa chini ya ardhi. Mwamba mgumu una kilo 2.7 kwa lita, ni tani 2.7 kwa meta moja ya ujazo. Ukigonga dari kwa mtaimbo ikalia kama ngoma, angalia ufa ulivyokwenda. Bamba la mita moja kwa mita moja, nene sentimita 10 tu, ni lita 100: kilo 270. Likiwa la mita mbili kwa mita mbili, ni kilo 1,080. Halitakupa muda wa kuhesabu, kwa hiyo hesabu ukiwa bado umesimama mahali salama, kisha amua kama utaliangusha kwa mtaimbo kutoka pembeni au utaita watu wa nguzo.